Kamati ya shule tusiichague kwa mikono

Kamati ya shule itachaguliwa tena, na sisi tuliotoka Rumonge tuna neno.

Kule ziwani tulichagua kwa kunyoosha mikono. Aliyegombea alikuwa mnunuzi wa ndagala na mawese, na karibu sote tulikuwa na deni lake. Nani angeacha mkono chini? Tena mkutano uliitwa siku za giza, mwezi haupo, ndagala wanavuliwa usiku kwa taa. Asubuhi wavuvi wamelala, kina mama wako ufukweni wanaanika. Mwaka 2005 ada ya shule za msingi ilifutwa Burundi, lakini sisi michango ya madawati tuliendelea kutoa, na hesabu hatukusomewa hata siku moja.

Kenya nao mwaka 1988 walipanga foleni nyuma ya wagombea, wakaiita mlolongo. Malalamiko yakazidi, 1992 wakapiga kura ya siri.

Hapa kambini madeni pia yapo, tusidanganyane. Tunaomba kila mgombea awe na kopo lake nyuma ya kitenge, lenye alama hata asiyesoma aijue. Kila mzazi apewe punje moja ya maharage, iliyopakwa rangi, maana maharage ya mgao kila nyumba inayo! Makopo tumeshapata matano. Kitenge bado.