Kinanda Kisicho na Mabomba

Leo naomba niziweke kando siasa za bajeti nizungumzie kinanda, ingawa huenda mwisho wa safari tukajikuta palepale.

Usiku, nyumba ikishalala, huketi mbele ya kinanda cha mabomba kisicho na bomba hata moja. Nina kibodi mbili, vibao 30 vya kukanyaga alivyonichongea fundi seremala, kompyuta, na programu ya bure iitwayo GrandOrgue. Sauti zake, hata hivyo, ni za kweli. Mafundi huingia kanisani, huweka maikrofoni, kisha hurekodi kila bomba peke yake, nota baada ya nota, pamoja na mwangwi wa kuta. Nikibonyeza, bomba lile la mbali huitika sebuleni kwangu, umeme usipokatika.

Wengi wenye vyombo hivi hupiga Bach. Sina ugomvi naye, ila Bach hatapotea mimi nikinyamaza. Ndiyo maana hupiga na kurekodi kazi za Fela Sowande, Mnigeria aliyezaliwa mwaka 1905, akapiga kinanda katika ukumbi wa Kingsway, London, tangu 1945 hadi 1952, na kufariki Marekani mwaka 1987. Katika Oyigiyigi alichukua wimbo wa Wayoruba, akaugeuzageuza hata ukakijaza kinanda kizima. Mimi mwenye shahada ya uzamivu, ninayefundisha kila mwaka habari za kujikomboa kifikra, nilimfahamu nikiwa nimevuka miaka arobaini. Aibu hiyo ni yangu.

Ipo aibu nyingine. Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa kwaya, akitunga nyimbo kwa solfa katika madaftari ya shule. Tulipoyafungua baada ya matanga, mchwa walikuwa wametutangulia. Miaka yote ile nilikuwa na simu yenye kinasa sauti. Kila likizo nilisema, safari ijayo.

Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba urithi wetu unapotea kwa kukosa fedha, nakubali nusu. Serikali ina wajibu wa kujenga na kutunza nyaraka, na tusiache kuidai. Lakini nusu ya pili ni sisi wasomi, tunaosubiri mradi, kamati na posho ndipo tumsikilize mzee anayeimba uani. Nyimbo za baba zilihitaji mtu mmoja mwenye jioni moja, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Mwezi uliopita nilirekodi wimbo wake mmoja, kwa kadiri ninavyoukumbuka. Mabomba ya kanisa la Ulaya yalibeba solfa za mwalimu wa kijijini, kisha yakanyamaza katikati ya ubeti wa pili, kwa kuwa hapo ndipo kumbukumbu yangu inapoishia. Sikuthubutu kuujazia. Nilimpelekea mama, akasikiliza, akaniuliza mbona nimeukata.

Kama nyumbani kwenu lipo daftari la namna hiyo, lifungue Jumamosi hii.