Lete Paipu? Hapana, Lete Chai

Wacha niseme kitu ambacho kitawakasirisha wanaume wengi wa jeti: ile paipu mnayoivalisha mkono wa spana ili mpate nguvu zaidi imeua injini nyingi kuliko chumvi. Sawa, labda si nyingi kuliko chumvi. Lakini chumvi inahitaji miezi. Paipu inahitaji sekunde tatu.

Ngoja nieleze, kwa sababu najua wengi wenu mko Nairobi na Nakuru, na boti mnaiona Desemba mkienda kupiga picha.

Mjomba wangu ana boti ya abiria kati ya Mokowe na kisiwa cha Lamu. Mokowe ndipo basi linakushusha; kutoka hapo ni maji, hakuna njia nyingine ya kufika mjini. Injini yake ni ile ya kuning'inia nyuma, ya petroli iliyochanganywa na oili, silinda mbili, kila silinda na plagi yake. Sasa kuna wiki ikaanza kukohoa. Ukiongeza moto inatetemeka badala ya kukimbia, na boti ikijaa watu inajivuta kama matatu inayopanda mlima na gia kubwa. Silinda moja ilikuwa imelala, na hapo kitu cha kwanza kuangaliwa ni plagi. Plagi mpya ni mia chache, na mjomba anazo mbili za akiba chini ya kiti. Kazi ya dakika tano.

Ya juu ikatoka vizuri, rangi ya kahawia, kavu, kumaanisha hiyo iko fiti. Ya chini ikakataa kabisa.

Hapa ndipo mambo ya sayansi ya shule yanakuja kukudai. Plagi ni chuma. Silinda hedi inamoingia ni alumini. Weka hizo mbili pamoja, nyunyizia maji ya bahari kila siku, na umetengeneza betri ndogo ambayo hukuiomba. Alumini ndiyo inaliwa, inageuka unga mweupe, na ule unga unachukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyoutoa. Kwa hivyo unajisukumiza ndani ya thredi kama kabari. Plagi haijakazwa tu hapo, imebanwa kila upande. Na yule aliyeifunga mara ya mwisho, jamaa wa haraka haraka, aliifunga kavu bila hata tone la grisi, halafu akamalizia na, mmekisia, paipu.

Vijana waliokuwa jeti wakaanza: "Lete paipu! Lete paipu!" Manze, mtu akisikia kitu kimekwama Kenya hii, jibu ni nguvu. Mlango, friji, serikali. Lakini fikiria kitakachotokea. Chuma ni kigumu, alumini ni laini. Ukilazimisha, ama plagi inakatika na nusu inabaki ndani, ama inatoka na thredi zote za alumini zikiwa zimening'inia kama nywele. Ukiwa na bahati, kuna karakana itakutobolea upya na kukuwekea thredi za kupachika. Ukikosa bahati unanunua hedi nzima, na hiyo haiuzwi kwa bei ya plagi. Mjomba ana watoto wawili boarding. Hiyo ndiyo ilikuwa kwenye ile spana.

Akaitwa fundi mmoja mzee kutoka mjini. Alipofika hakugusa spana. Alichukua brashi ya meno, akasugua mchanga na chumvi pale plagi inapoingilia, akapuliza, akasugua tena. "Mchanga ukianguka ndani ya silinda, mwanangu, hiyo ni kesi nyingine," akaniambia. Akamimina mafuta ya kupenyeza kuzunguka plagi. Halafu akakaa chini na kuagiza chai.

Nikwambie ukweli, ile chai iliwauma watu kuliko plagi. Mjomba alivumilia saa moja hivi. "Bwana fundi, abiria wangu wanakwenda na boti za wengine."

"Wataenda nazo leo," mzee akasema. "Hedi ikiharibika wataenda nazo mwezi mzima."

Mchana akaitumbukiza miguu ya injini kwenye pipa la maji baridi yasiyo na chumvi, akarudisha plagi ya juu na kuiwasha. Ikakohoa na silinda yake moja, dakika chache tu, hadi ikapata joto la wastani. Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hivyo lile tundu linajifungua kidogo sana, huwezi kuona kwa macho. Akazima, akamimina mafuta tena yapate kunyonywa ndani injini ikipoa. Jioni akarudia. Kisha akaenda kulala kwake.

Kesho yake ndiyo spana ikatoka, namba 21, imekaa wima kabisa juu ya plagi. Na kitu cha kwanza alichofanya ni kukaza! Unywele mmoja tu. Ikalia "tak". Hapo ule unga umevunjika, akasema, sasa tunarudi. Akalegeza robo, akakaza nusu ya robo, akalegeza. Ikianza kulia kama mlango wa zamani anasimama, anamimina mafuta, anangoja. Karibu dakika arobaini za hivyo. Ikatoka nzima, nyeusi, imelowa oili mdomoni, na thredi zake nyeupe kama zimepakwa poda.

Akasafisha tundu, akaizungusha injini ikiwa bila plagi ili itupe uchafu nje, akafunga plagi mpya kwa vidole mpaka ikakaa. Spana aliitumia mwisho tu, kama nusu mzunguko. Alipaka grisi ya kuzuia kushikana, nyembamba sana, mbali na ncha ya moto. Watengenezaji wengine wa plagi hawataki hiyo grisi, wanasema inateleza na utakaza kupita kiasi. Kwa gari la Nairobi, wasikilize. Kwa boti ya maji chumvi mimi niko na yule mzee, bora mkono uwe mwepesi.

Halafu akaitisha 2,500.

"Kwa kunywa chai?" mjomba akauliza. Na si mjomba peke yake, jeti nzima ilikuwa upande wake. Hii ndiyo sehemu inayoniudhi. Yule wa paipu alilipwa siku ileile bila neno, kwa sababu alitoa jasho na kelele. Huyu aliyejua asiguse, lini angoje, lini asimame, anaonekana mvivu. Ninyi mnaofanya logo mnanielewa: "Dakika kumi tu na unataka elfu tatu?" Wasusi pia. Tunalipia jasho kwa sababu linaonekana. Nilimwambia mjomba ajumlishe bei ya hedi na mwezi bila abiria, kisha atoe 2,500 tuone nini kinabaki. Alilipa, kwa uso wa mtu aliyemeza ndimu.

Siku hizi ndani ya kifuniko cha injini kuna tarehe zimeandikwa kwa chaki, na kwenye boksi la akiba kuna brashi ya meno na kopo dogo la grisi. Kila miezi miwili plagi zinatolewa, ziwe na shida au zisiwe nayo. Mwezi uliopita ilikuwa zamu yangu. Ya chini ilitoka kwa mkono wa kushoto.