Udi Katika Chumba cha Seva

Mwaka 2006, ule wa mgawo wa umeme, nilikuwa fundi mdogo wa kompyuta katika ofisi moja ya fedha katikati ya Dar es Salaam. Chumba chetu cha seva kilikuwa na viyoyozi viwili vikubwa, vimetegwa nyuzi 16. Tulishinda na masweta. Ukitoka tu, miwani inaingia ukungu. Lakini kila umeme ulipokatika na jenereta kushika zamu, haikupita nusu saa seva za juu kabatini zikaanza kulia, kisha zikajizima moja moja. Kwa joto! Mkuu wetu akataka kiyoyozi cha tatu, ambacho jenereta isingekibeba.

Akaitwa mzee mmoja wa Tanga, fundi aliyeanzia kwenye majokofu ya samaki. Hakufungua mashine hata moja. Alitoa mfukoni vijiti vya udi.

"Wanangu, zimeni kwanza king'ora cha moshi. Leo nafukiza."

Tulicheka. Akawasha kijiti, akakishika nyuma ya safu ya kwanza. Moshi ulisukumwa kwa nguvu, ukakatiza njia, ukamezwa na safu ya pili. Kabati zetu zote zilitazama upande mmoja kama wanafunzi darasani, kwa hiyo safu ya nyuma ilikuwa ikivuta pumzi ya moto iliyotemwa na ya mbele. Akasogea kwenye kabati lenye nafasi tupu katikati: moshi ukapenya pengo lile kutoka nyuma, ukarudi mbele, na seva ikavuta joto lake yenyewe. Miguuni pa kiyoyozi palikuwa na kigae cha sakafu chenye matundu ya kupitishia baridi kutoka chini. Baridi ilipanda hapo na kuingia tena mlemle ilimotoka.

Kigae kingine cha matundu kilikuwa nyuma ya kabati, kikipuliza baridi mahali pa joto.

"Hiki nani kakiweka huku?"

Nilinyamaza. Nilikihamisha mimi, kwa sababu kilikuwa kikinigandisha miguu nikifanya kazi kule mbele.

Jumapili tuligeuza safu ya pili, ikapeana mgongo na ya kwanza. Baadaye nilisoma kwamba mpangilio huo aliupendekeza Robert Sullivan wa IBM mwaka 1992. Mzee yeye alikuwa ameambiwa na moshi. Mapengo tuliyaziba kwa vipande vya bati vilivyokatwa eneo la Gerezani. Chini ya sakafu tulitoa magunia mawili ya nyaya mfu zilizokuwa zimeziba njia ya hewa.

Tukapandisha viyoyozi hadi nyuzi 22. Mkuu hakuamini, mara mbili nilimkuta akivirudisha 16 kimyakimya. Nilimwonyesha mwongozo wa ASHRAE, chama cha wahandisi cha Marekani, uliotolewa mwaka 2004: hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 20 na 25. Miaka minne baadaye wakaupanua, 18 hadi 27.

Lakini Jumapili ile hatukuwa na mwongozo. Umeme ulikatika saa kumi na mbili jioni, nasi tukasimama mbele ya kabati tukitazama saa. Nusu saa ikapita. Saa nzima. Mzee akakusanya vijiti vilivyobaki, akavifunga kwenye gazeti. Mama watoto, alisema, alikuwa amevihesabu.