Shule Ikipiga Simu

Mzazi wa Kitanzania akiitwa shuleni huanza kutafuta maneno ya kuomba radhi kabla hajajua kosa lenyewe. Wazazi wengi wa Kiafrika hapa Columbus, Ohio, wamehama na hofu hiyo. Mimi ni msaidizi wa mwalimu katika shule ya msingi, na siku moja nilimpigia simu mama mmoja aliyetoka Uvira, Congo. Kiswahili ndicho tunachoelewana kwacho. Sijamaliza hata salamu, akanikatiza: "Mwalimu, amefanya nini tena?" Nikamwambia, mama, leo mwanao amegombana na mwenzake kwa ajili ya mpira, na badala ya kurusha ngumi amekuja kutuambia, nasi tukaona tukupigie ujue. Akanyamaza. Kisha akaniomba nirudie, safari hii simu ikiwa kwenye spika ili baba wa mtoto naye asikie.

Simu za namna hiyo ni sehemu ya mpango wa tabia njema tunaoufuata shuleni. Mwaka 1997 sheria ya Marekani ya elimu ya watoto wenye ulemavu ilipofanyiwa marekebisho, iliwataka wanaompangia masomo mtoto mwenye matatizo ya tabia wafikirie njia za kumjenga, wasikimbilie adhabu tu. Wataalamu, wengi wao wa Chuo Kikuu cha Oregon, wakalitanua wazo hilo hadi kwa shule nzima. Shule huchagua mambo machache inayoyataka, tuseme heshima, usalama na kuwajibika, kisha inayafundisha kama inavyofundisha hesabu. Shule zikifunguliwa, tunawapeleka watoto bwaloni tukawaonyesha foleni inaanzia wapi, sinia chafu linawekwa wapi, ukimwaga maziwa unamwita nani. Wanafanya, tunarudia, wanafanya tena. Nilikolelewa mimi, mtoto alidhaniwa anajua mambo hayo tayari, na asiyejua aliyajua kwa fimbo.

Kinachonigusa zaidi ni kadi. Mtoto ambaye mafundisho ya wote hayajamtosha hupewa kadi ya siku. Asubuhi, kabla ya kengele, anapita kwa mtu mzima mmoja, yuleyule kila siku, wakaangalia pamoja lengo la leo. Kila kipindi kikiisha mwalimu anamwandikia 0, 1 au 2, na anamwambia kwa nini. Jioni anarudi kwa yule mtu mzima, wanajumlisha, kadi inakwenda nyumbani. Nina kijana wa darasa la nne ambaye hufika kwangu koti bado halijafunguliwa zipu, akiuliza tunatafuta ngapi leo. Siku akirudi na sifuri, hatumfokei. Tunaitafuta: ilikuwa kipindi gani, nini kilitokea, kesho utafanyaje. Naamini alama zenyewe zinamsaidia kidogo. Kinachomsaidia sana ni kwamba kuna mtu anayemngoja asubuhi, na mtu huyo anayajua ya jana.

Sikubali kila kitu katika mpango huu. Kuna tiketi, vibandiko, na duka dogo la zawadi ambako mtoto hununua kifutio kwa tiketi alizokusanya. Mwaka 1973 Lepper, Greene na Nisbett walichapisha utafiti wao juu ya watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu ili wachore, baadaye, walipoachwa wachague wenyewe, walichora kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa chochote. Waliopewa cheti bila kutarajia hawakupoteza hamu. Ninaona jambo hilo likijirudia: mtoto anaokota karatasi sakafuni, halafu anageuka kuangalia mkono wako una tiketi au hauna. Wala msidhani Marekani yote imeiacha fimbo. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya nchi hii ilikataa kusema kwamba viboko shuleni vinavunja katiba, na yako majimbo ya kusini, Mississippi likiwa mojawapo, ambako sheria bado inaviruhusu.

Nyumbani Tanzania nako si kwamba hatujui kusifu. Mtoto akipatia swali, mwalimu anasema mpigieni makofi, na darasa zima linapiga kwa pigo moja, mwenyewe anakaa uso umemnawiri. Hapa sijaona sifa inayotolewa na watoto wote kwa pamoja namna ile, na ninaikosa. Lakini makofi yale humfikia aliyepatia. Siku ya mahafali madaftari na kalamu huenda kwa wa kwanza, wa pili na wa tatu. Aliyekuwa wa 61 akapanda hadi wa 48 amewapita watoto 13, na ripoti yake inaandikwa "Ongeza bidii". Nilifurahi sana Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilipoacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora. Laiti ripoti za shule zetu zingefuata njia hiyohiyo.

Na fimbo bado ipo. Kenya iliipiga marufuku shuleni mwaka 2001. Kwetu kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na adhabu iandikwe kitabuni. Aliyesoma kwetu anajua ni mara ngapi kitabu hicho hufunguliwa.

Wifi yangu anafundisha darasa la tatu Morogoro. Nilipomweleza habari za kadi alinijibu kwa sauti ya WhatsApp: "Wifi yangu, nina watoto mia na ushee, wanne wanne kwenye dawati. Hiyo kadi nitaijaza saa ngapi?" Ana haki, na atakayeuleta mpango wa Ohio Morogoro kama ulivyo atamwongezea mzigo mwanamke ambaye tayari anasahihisha madaftari hadi usiku. Kwa hiyo tulizungumza juu ya kile alichonacho, kalamu nyekundu. Sasa kila siku anachagua mstari mmoja wa madawati, na watoto wa mstari huo anawaandikia chini ya alama jambo moja walilolifanya sawasawa. Mtoto wa nyuma kabisa alipata 3 kati ya 10 kwenye kutoa. Akamwandikia: "Leo hukusahau kukopa." Kesho yake mtoto huyo alikuwa wa kwanza kuleta daftari lisahihishwe, naye kwa kawaida hulificha.

Uganda imeshaonyesha kwamba kusifu badala ya kuchapa kunawezekana katika shule nyingi. Shirika la Raising Voices la Kampala lilitengeneza mpango wa shule bora, ambamo walimu wanajifunza nidhamu isiyo ya fimbo, pongezi zikiwemo. Utafiti uliofanywa katika shule za msingi 42 za wilaya ya Luwero, ukachapishwa mwaka 2015, ulikuta hatari ya mtoto kupigwa na walimu imepungua kwa asilimia 42 ikilinganishwa na shule ambazo mpango ulikuwa haujazifikia. Luwero madarasa nayo yamejaa.

Kwetu tungeanzia vyuoni. Mwanachuo wa ualimu anapokwenda mazoezi ya kufundisha hupimwa kwa andalio la somo, kwa zana, kwa namna anavyolimudu darasa. Ningeomba mkufunzi anayekaa nyuma kumwangalia ahesabu na jambo moja zaidi: katika dakika 40 za kipindi, ni watoto wangapi wa mistari ya nyuma walioambiwa, kwa majina yao, walichokifanya vizuri.