Mashi, Luga ya Ngoma Tu?

Televisheni ya taifa ilianza Kinshasa mwaka 1966. Leo RTNC inasema Kifaransa na luga ine za taifa: Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba. Mutu wa mbali anafikiri sisi wa Bukavu tumetosheka, juu Kiswahili ni chetu. Kwangu mimi mwalimu, ndiyo. Kwa mama yangu aliyekimbilia mujini kutoka Walungu wakati wa vita, hapana. Yeye anasema Mashi.

Jioni umeme ukiwapo tunakaa pamoja. Mtangazaji anasema «bunge», «katiba», naye mama anageukia mjukuu: anasema nini huyu? Mtoto anatafsiri kwa mkato, maana anangojea mpira. «Bunge» anaiita pale wakubwa wanabishana. (Si mbaya sana!) Lakini mwaka 2006, tulipochagua rais na wabunge kisha vita, mama alipiga kura kwa kufuata maneno ya mdogo wangu wa kike, aliyekuwa bado mwanafunzi. Alichokiacha huyo, mama hakukijua.

Katiba ya 2006, kifungu cha kwanza, inasema luga zingine za nchi ni urithi wa utamaduni na Serikali inazilinda. Mwanafunzi mmoja aliniuliza: «Mwalimu, kulinda ni kufanya nini?» Swali zuri. Sisi wenyewe tumezoea kuita Mashi, Kirega ao Kihavu siku ya ngoma na harusi, halafu mambo ya kodi, kipindupindu na uchaguzi tunayapeleka kwa luga ingine.

Wako wanaoogopa. Wanasema luga za makabila hewani zitaleta chuki, na wanakumbusha RTLM, ngambo ya Ruzizi, mwaka 1994. Woga huo ninauheshimu. Lakini Kinyarwanda kilikuwa luga ya wauaji na ya waliouawa pia. Ubaya ulitoka kwa waliopanga maneno, na RTLM ilisema hata Kifaransa. Afrika ya Kusini, SABC inasoma habari kwa Kivenda na Kitsonga, na nchi haijapasuka juu ya hiyo.

Kwa jimbo letu, dakika kumi kwa siku zingetosha kuanza: leo Mashi, kesho Kirega, kisha Kihavu, Kifuliru, Kibembe. Watafsiri wasitafutwe mbali. Walimu tuko, na bazee wa vijijini wangetusahihisha.