Kwanza Tazama Chombo

Tanga, Ijumaa baada ya isha

Mpwa wangu mpenzi,

Juzi mama yako alinipigia kutoka Muscat, sauti imemshuka. Ananiambia katika mtihani wa majaribio wa JEE Main, ule wa kuingia vyuo vya uhandisi India, hesabu na fizikia umezimudu, ila kwenye kemia maswali ya msawazo yamekuangusha, na tangu siku hiyo umejifungia chumbani na daftari la fomula. Akanitumia picha za daftari lenyewe. Nimehesabu fomula 43 za msawazo wa ayoni peke yake! Mimi nimekula mshahara wa kemia ya maji miaka 31, na sidhani kama katika hizo nimewahi kuhitaji kumi.

Ndiyo maana nimeshika kalamu. Ujumbe wa sauti najua unausikiliza huku unacheza mpira wa simu.

Mtihani wenyewe unaujua kuliko mimi, lakini acha niutaje ili tuelewane. Maswali 75 kwa saa tatu, 25 kati yake ya kemia. Ukipata unalipwa alama 4, ukikosa unakatwa 1, ukiacha hupati wala hukatwi. Kikokotoo marufuku. Na kile kitabu cha kemia cha NCERT cha darasa la 11 huko India kimeuweka msawazo wa kikemikali na wa ayoni katika sura moja. Waliokitunga hawakukosea, kwa sababu ni jambo moja. Wewe umelipasua mara mbili, kisha ukalikatakata vipande 43, na sasa unalalamika kwamba havikai kichwani.

Unakumbuka tulipokwenda mapango ya Amboni? Ulikuwa mdogo, ukaniuliza kwa nini dari inadondosha mawe. Nilikujibu kwa mzaha, leo nakulipa deni. Maji ya mvua yaliyobeba kaboni dayoksaidi yanapenya kwenye jiwe la chokaa na kulila, jiwe likageuka bikabonati inayoyeyuka. Maji hayo yakifika darini mwa pango, gesi inatoroka hewani, mmenyuko unarudi ulikotoka, na jiwe linazaliwa tena tone baada ya tone. Mmenyuko ni uleule mmoja, unakwenda na kurudi.

Sasa chukua jiwe la namna hiyo ulitie kwenye tanuu la chokaa, kama wazee wetu wa pwani walivyochoma matumbawe. Joto likikaribia nyuzi 900 gesi inafumka kwa nguvu na chokaa inabaki. Umewahi kujiuliza kwa nini tanuu linaachwa wazi? Wazee hawakumjua Le Chatelier na kanuni yake ya msawazo, lakini tanuu lao lilimjua. Lau ungelifunga kabisa, gesi ingejaa mpaka mgandamizo wake ufike kiwango fulani, halafu kazi isimame na jiwe bado limo. Kiwango hicho ndicho Kp yako: mgandamizo wa kaboni dayoksaidi, basi, kwa joto hilo. Jiwe na chokaa havimo ndani ya Kp kwa sababu ni yabisi. Ongeza jiwe lingine ndani ya chombo kilichokwisha kutulia, mgandamizo haupandi hata chembe. Swali hilo umelikosa, nimeliona kwenye picha ya tatu.

Tena wazo hili la msawazo lina asili yake barani kwetu. Mwaka 1798 mkemia Mfaransa, Berthollet, alifika Misri pamoja na jeshi la Napoleon. Kando ya maziwa ya Wadi Natrun akakuta magadi yametanda. Maabara za Ulaya zilikuwa zimemfundisha kwamba magadi yakikutana na kloridi ya kalsiamu yanatoa jiwe la chokaa na chumvi. Pale ziwani aliona kinyume chake: chumvi tele juu ya mawe ya chokaa, na magadi yanajitokeza. Akang'amua kwamba wingi wa vitu nao una neno lake katika njia ambayo mmenyuko utaishika. Mwaka 1864 Wanorwe wawili, Guldberg na Waage, ambao walikuwa mashemeji, wakaliandika wazo hilo kwa lugha ya hesabu. Ile K ya msawazo unayoihofia ilianzia kwenye kitu ambacho nyanya yako alikuwa anakitia kwenye maharage.

Nikuambie sasa ninachotaka ushike. Kabla hujaandika K, kabla hujagusa fomula yoyote, niambie ndani ya chombo mna nini. Si kile kilichomiminwa, bali kilichobaki baada ya vyenye nguvu kumaliza ugomvi wao. Msawazo ni wa wanyonge. Wenye nguvu hawana subira nao.

Tuchukue swali lililokutoa machozi. Mililita 100 za asidi ya siki, 0.1 M, na hidroksidi ya sodiamu ya ukolezi huohuo inamiminwa kidogo kidogo. Ukishamimina mililita 50, tazama chombo. Asidi ilikuwa milimoli 10, besi imeingia milimoli 5. Besi kali haina mjadala, inakula asidi milimoli 5 na kuisha yenyewe. Hapo hakuna msawazo wowote, ni hesabu ya dukani tu. Zimebaki asidi 5 na asetati 5, yaani bafa. Zikiwa sawa kwa sawa, pH ni pKa yenyewe, 4.74. Fomula gani umetumia?

Endelea hadi mililita 100. Asidi imekwisha, besi imekwisha, imebaki asetati milimoli 10 katika mililita 200, yaani 0.05 M. Asetati ni besi dhaifu, haina wa kugombana naye ila maji. Inayanyang'anya maji haidrojeni kidogo, na pH inatua 8.72. Wewe hapa uliishika ile fomula ya Henderson ya mililita 50 ukaja nayo mpaka mililita 100, ukajikuta unagawa kwa sifuri, ukachora alama ya kuuliza pembeni. Nilicheka peke yangu barazani mpaka shangazi yako akatoka kuuliza kuna nini. Kumbe fomula ilikuwa inakwambia ukweli: bafa haipo tena, mwanangu, unaniita kwenye nyumba iliyohamwa.

Ukifika mililita 150, besi kali imezidi kwa milimoli 5 katika mililita 250. Hiyo ni 0.02 M, pH 12.3, na asetati haina sauti mbele yake. Swali moja, vyombo vitatu, hesabu tatu tofauti. Anayetazama chombo hachanganyikiwi.

Usidhani nakusema mimi nikiwa msafi. Nilipokuwa chuoni, mwalimu alinisimamisha mbele ya darasa aniulize pH ya asidi ya haidrokloriki yenye ukolezi wa 10⁻⁸ M. Nikajibu upesi, "nane." Darasa zima likaangua kicheko. Nilikuwa nimetia asidi kwenye maji na kupata besi! Nilisahau kwamba maji nayo yamo chomboni, na yana ayoni za haidrojeni zao, 10⁻⁷, ambazo ni nyingi mara kumi kuliko nilizomimina. Ukizihesabu pamoja, kwa uangalifu, unapata 6.98. Tangu siku hiyo nikiona ukolezi unaokaribia 10⁻⁷ nasimama, nawaza maji.

Kuhusu hesabu bila kikokotoo, usiogope mlinganyo wa kipeo cha pili, ogopa kuupuuza mahali pasipostahili. Asidi ya siki ya 0.1 M inavunjika asilimia 1.3 hivi. Pale unaruhusiwa kusema kilichovunjika si kitu, ukachukua kipeuo cha pili cha 1.8 × 10⁻⁶ na kupata pH 2.87. Lakini ipunguze asidi hiyohiyo hadi 0.001 M, na njia ya mkato itakwambia imevunjika asilimia 13. Basi njia ya mkato imejishtaki yenyewe, maana mpaka unaotumika ni asilimia 5. Rudi ufanye hesabu kamili. Kariri log ya 2 kuwa 0.301 na ya 3 kuwa 0.477. Kwa hizo mbili utapata 4, 6, 8, 9 na hata 5. Hayo ndiyo ya kukariri, si zile fomula 43.

Mashapo na umumunyifu ni hadithi ileile. Kloridi ya fedha, yenye Ksp 1.8 × 10⁻¹⁰, inayeyuka 1.3 × 10⁻⁵ M kwenye maji matupu. Itie kwenye maji ya chumvi ya 0.1 M, inashuka hadi 1.8 × 10⁻⁹, pungufu zaidi ya mara elfu saba. Kloridi ilikuwa imekwisha kujaa chomboni kabla fedha haijafika. Sina la zaidi la kusema hapo.

Ila gesi isiyomenyuka, kama agoni, itakutega. Ukiiongeza chombo kikiwa na ujazo uleule, msawazo hausogei, kwa sababu mgandamizo wa kila gesi inayohusika haujabadilika. Ukiiongeza huku mgandamizo wa jumla umeshikiliwa palepale, chombo kinatanuka, na msawazo unaelekea upande wenye moli nyingi za gesi. Soma swali mara mbili hapo. Neno moja tu linageuza jibu.

Na kichocheo hakiigusi K. Kinafupisha safari tu. Amonia ndiyo mfano wa watunga mitihani wa kila mwaka, unaujua. Le Chatelier mwenyewe alijaribu kuitengeneza mwaka 1901, hewa ikaingia kwenye mtambo, ukalipuka, akaacha. Mkemia Mjerumani, Haber, akaipata, na kiwanda cha kampuni ya BASF kule Oppau, Ujerumani, kikaanza kazi mwaka 1913. Mwenye kanuni alikuwa mmoja, aliyefaidi akawa mwingine.

Ratiba sikupangii, una akili zako. Nakuomba tu usiku wa leo ulifunge hilo daftari umpe mama akuwekee. Kwa wiki mbili chukua maswali matano kila siku, na kwa kila moja andika kwa Kiswahili, sentensi mbili, chomboni mna nini kabla na chomboni mna nini baada. Kwa Kiswahili, nasisitiza, maana kwa lugha nyingine unajua kujificha nyuma ya maneno ya kitabu. Ndipo uhesabu.

Mwambie baba yako shemeji yake anamsalimu, na kwamba yale machungwa ya Muheza aliyoagiza nitampa mtu anayekuja huko mwisho wa mwezi. Na wewe nitumie picha za maswali uliyokosa tu. Uliyopata siyataki.

Mjomba wako