Bei njoo inboksi: Dada wa Nyakahura alivyosaka apatimenti ya siku tano Dar

Malori yanayotoka Dar kwenda Kigali hupita mbele ya kibanda chake usiku na mchana. Dada huyu ana miaka 27, ni wakala wa miamala ya simu pale Nyakahura, kwenye barabara ya Lusahunga kwenda Rusumo. Pembeni anauza vocha, mafuta ya kupaka na chaja. Madereva wakisimama kula wanamwachia habari za mjini: foleni, joto, bei ya samaki pale Feri. Mwenyewe Dar alifika mara moja tu, akiwa sekondari, akakaa siku tatu na zote zikaishia Kariakoo.

Kwa hiyo alipotangaza nyumbani kwamba Agosti, maharage yakishauzwa, anampeleka mama yake Dar siku tano kula bata, na kwamba hawalali gesti wala kwa ndugu bali kwenye apatimenti, mdogo wake wa kiume alishangilia kama bao la dakika za nyongeza. Mama hakusema kitu. Aliendelea kuchambua mchele. Baada ya muda akauliza: "Hiyo nyumba ina jiko?"

Swali la jiko lilichekwa sana siku ile. Nani anaenda Dar kupika?

Bajeti ya kulala ilikuwa laki nne, basi. Dada akaanza kazi usiku, kibanda kikiwa kimefungwa, simu mkononi. Kama umewahi kusaka apatimenti za siku chache mtandaoni unaijua hali yenyewe. Kitanda cheupe, taulo imekunjwa kama bata maji, taa za rangi nyuma ya televisheni, glasi mbili za juisi ambazo hakuna aliyezinywa. Chini ya picha: "Bei njoo inboksi." Unaenda inboksi, unajibiwa na swali: "Mko wangapi, mpenzi?" Bei hutajwi mpaka wajue wewe ni mtu wa aina gani. Moja ya Masaki ilikuwa laki mbili na ishirini kwa usiku mmoja. Siku tano ni milioni moja na laki moja. Dada akaifunga ile picha taratibu, kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta kuna mtu.

Dogo yeye alikuwa na vigezo viwili tu: waifai na bwawa la kuogelea. Akampata mwenye navyo vyote, Mikocheni, elfu sitini. Elfu sitini, bwawa, vyumba viwili! Anayepangisha, dada mmoja mwenye maneno matamu, akataka nusu ya hela siku hiyohiyo kwa sababu "kuna wateja wengine wawili wanaitaka." Hapo ndipo kazi ya uwakala ilipoanza kulipa. Kabla hela haijatoka, simu inakuonyesha jina la mpokeaji. Dada wa maneno matamu aligeuka kuwa mwanaume. "Hiyo ni namba ya mhasibu wetu," akaandika. Sawa. Akaombwa apige simu ya video aonyeshe tu sebule. Mchana alikuwa kwenye kikao, jioni mtandao unasumbua, usiku simu haina chaji.

Dada ameshuhudia wazee wakija kibandani kwake wanatetemeka, wametuma hela ya mbolea kwa mtu aliyewaandikia "ile hela itume kwenye namba hii." Kwa hiyo alishaanza kunusa kitu. Ila aliyemaliza ubishi ni dogo, tena kwa jambo la kitoto. Watoto waliokulia barabara ile wanacheza kutambua namba za magari: T ni ya Tanzania, inayoanza na R inarudi Rwanda. Akavuta picha ya bwawa mpaka ikawa chengachenga, akaona nyuma ya ukuta gari dogo lenye namba inayoanza na K. "Dada, hii nyumba iko Kenya." Wakaitafuta picha ile Google, ikatokea kwenye tangazo la nyumba ya Nairobi. Hela haikutumwa. Dogo alitembea kifua mbele wiki nzima, na kusema kweli alistahili.

Kisha ikaja Mbezi. Dogo aliona tangazo la apatimenti "Mbezi, karibu kabisa na bichi," akapigia hesabu kwamba basi linashusha abiria stendi ya Magufuli, nayo iko Mbezi, hivyo watashuka na mabegi na kutembea kwa miguu. Dereva mmoja wa lori aliyekuwa ananunua vocha alicheka mpaka akaegemea meza. Stendi iko Mbezi Luis, barabara ya Morogoro, njia ya Kimara. Mbezi Beach iko upande wa barabara ya Bagamoyo. Jina moja, dunia mbili, na katikati kuna Goba na foleni yake. Ni kosa ambalo hata watu wa Dar huwatokea wageni wao, sembuse mtu wa kilomita zaidi ya elfu moja. Dereva akaongeza la bure: kwenye tangazo, "dakika kumi mpaka baharini" maana yake ni saa nane ya usiku, na aliyepima alikuwa kwenye bodaboda.

Mpaka hapo ilikuwa burudani. Ugumu ulianza mama mdogo alipopata habari.

Mama mdogo anaishi Mbagala. Alipiga simu jioni, sauti ikiwa juu kiasi kwamba spika haikuhitajika. "Yaani mna ndugu Dar, tumbo moja na mama yenu, halafu mnakwenda kulala kwenye nyumba za kulipia? Nimewakosea nini?" Dada akajaribu kueleza: hawataki kumsumbua, nyumba ni ndogo, watoto wanne. Kila sababu ilizidi kuharibu. Mwaka 2019 baba yao alipopewa rufaa kutoka Bugando kwenda Muhimbili, ni huyuhuyu mama mdogo aliyewapokea. Miezi miwili. Aliwapa chumba chake yeye na mumewe, wakahamia sebuleni na watoto, na hakuna siku alinuna. Alfajiri alikuwa akiamka kuwachemshia uji kabla hawajatoka kuwahi kliniki. Baba alirudi Nyakahura kwenye jeneza. Leo watu haohao wanakuja Dar kula bata na hawataki hata kukanyaga kwake? Hata wewe ungeumia.

Usiku ule dada alimwambia mama kwamba labda waache tu, waende Mbagala, laki nne wanunue zawadi. Mama akajibu kwa sauti ya chini, bila kumtazama.

"Nikiingia kile chumba nitamwona baba yako amelala upande wa ukutani. Siwezi, mwanangu. Na hilo siwezi kumwambia mdogo wangu, maana kile ni chumba chake, ndiko anakolala mpaka leo."

Halafu akasema jambo ambalo hakuna mtoto wake aliyelijua. Miezi miwili ile hakuiona bahari. Mbagala, Muhimbili, Mbagala. Watu wa kijijini walimuuliza aliporudi, akawaambia ni kubwa sana.

Kuanzia hapo dada alisaka nyumba kwa macho mengine kabisa. Bwawa likafutwa. Picha za taulo hakuziangalia tena. Akaandika maswali yake kwenye daftari la miamala na kuwauliza wenye nyumba mmoja baada ya mwingine. Ni chini au ghorofani? Maana goti la mama halipandi ngazi, na "lifti ipo" si sawa na "lifti inafanya kazi umeme ukikatika." LUKU ananunua nani? Wengine wanakuwekea uniti kidogo, kiyoyozi kikizimeza usiku wa kwanza ni shauri yako. Chini kuna baa? Sinza alipata chumba kizuri cha elfu hamsini, akaomba wamtumie sauti ya nje Ijumaa saa tano usiku. Ilipofika hakuhitaji kuimaliza. Jiko lipo? Ndiyo, swali la mama lilipanda mpaka namba mbili.

Na namba moja: wageni wanaruhusiwa?

Hapo wengi walianguka. Nyumba nyingi za namna hii zina sheria ya "hakuna wageni," na sababu yao inaeleweka. Mtu anapanga na watu wawili, Jumamosi wanaingia arobaini na spika. Lakini mjaribu kumweleza mlinzi wa getini kwamba huyu mama aliyeshuka bajaji na watoto wanne na sufuria ya pilau si pati, ni ndugu. Mmoja alimjibu: "Mgeni mmoja, saa mbili, kitambulisho kibaki getini." Dada akamfikiria mama mdogo akiacha kitambulisho getini ili amsalimie dada yake.

Aliyeipata ni mama mmoja wa makamo wa Kigamboni, anapangisha nyumba ya chini, vyumba viwili, uani kwake mwenyewe. Elfu sabini na tano. Video aliipiga yeye, akitembea na kanga mpaka bombani, akafungua maji yakatoka. Jina la kwenye simu likaja lilelile. "Shikamoo mama, na mgeni je?" "Marahaba binti. Mchana waje tu, hata kumi. Kulala ndiyo tuambizane." Siku tano, 375,000. Na Kigamboni ina jambo ambalo ramani ilionyesha wazi: kutoka Mbagala huhitaji kuingia mjini. Unashika barabara ya Kongowe kwenda Kibada, umefika. Mama mdogo angekuja kwa daladala bila kuonja foleni ya katikati ya jiji.

Walikwenda kwa basi mpaka Dodoma, halafu treni ya SGR, tiketi ya daraja la kawaida 31,000 kila mmoja, na dogo akapiga picha za kutosha kumaliza bando. Treni ina faida nyingine kwa mtu anayelala Kigamboni: inakushusha Stesheni, katikati ya mji, na kivuko hakiko mbali. Kwenye pantoni mama alishika chuma kwa mikono miwili. Mara ya mwisho kupanda pantoni ilikuwa Busisi, akimpeleka mumewe Bugando, kabla ya daraja lile refu kufunguliwa mwaka 2025. Watoto wake walinyamaza, wakidhani analia. "La Busisi lilikuwa na nafasi kuliko hili," akasema.

Nyumba ilikuwa safi na haikuwa kama kwenye video. "Bahari inaonekana" ilikuwa kweli endapo utapanda tenki la maji. Friji lilinguruma kama Fuso inayopandisha mlima. Na lile swali la maji, dada aliuliza kama yapo, hakuuliza yana ladha gani. Yalikuwa ya kisima, ya chumvi. Mama alikuwa amebeba maharage ya nyumbani kilo tano. Akayabandika saa nne asubuhi; saa tisa bado yalikuwa yanagonga sufuria kama kokoto. Ikabidi dogo atumwe dukani kununua maji ya madumu, na siku hiyo wote walikula chipsi mayai saa kumi jioni, maharage yakiendelea kuchemka.

Mama mdogo alikuja Jumamosi na watoto wake wote, uso umefungwa. Alisalimia kwa kifupi. Akakagua vyumba, akafungua kabati, akapitisha kidole juu ya friji kutafuta vumbi. Akakaa kwenye kitanda cha dada yake, akajaribu godoro, kiyoyozi kikimpuliza. "Sasa haya maharage mmeyapikia maji gani?" Mama akamweleza. Mama mdogo akacheka kwanza kidogo, halafu sana, na ndani ya nusu saa wawili hao walikuwa wameelekea ufukweni peke yao, viatu mkononi. Waliyozungumza huko hawakuja nayo. Walirudi macho mekundu, kanga zimelowa mpaka magotini, na mama mdogo akaenda moja kwa moja jikoni kuosha vyombo ambavyo hakuna aliyemwomba aoshe.

Saa mbili usiku walikuwa bado wanaongea kitandani. Dada akamwandikia mwenye nyumba, akaomba mgeni mmoja alale, na watoto wanne sebuleni, akaahidi kuongeza hela. Jibu lilikuja baada ya dakika moja: "Walale. Hela sitaki. Ila kiyoyozi wazime saa sita, LUKU ni yangu."

Wamesharudi Nyakahura. Mwenye nyumba aliomba dada amwandikie maoni na nyota. Dogo anadai tano. Dada ametoa nne, na chini yake ameandika: "Maji ni ya chumvi, beba ya kupikia. Mlango uko chini, mzee hapandi ngazi. Ndugu wanaruhusiwa."